Kupanga Molekuli kwa Mipigo ya Leza: Mwongozo Kamili, Kuanzia Karatasi ya Hesabu hadi Meza ya Maabara

Hewa unayoivuta sasa hivi imejaa molekuli za naitrojeni zinazotazama kila upande. Kila moja ni kijiti chenye atomu mbili. Chora mstari wowote chumbani, pima pembe kati ya mstari huo na kila kijiti, kisha tafuta wastani wa cos²θ: utapata 1/3 kamili. Kazi yetu ni kuitoa namba hiyo kwenye 1/3 na kuipeleka kuelekea 1, bila kuzishika molekuli kwa kitu chochote ila mwanga, na sisi wenyewe tuamue itokee lini.

Wanaohitaji jambo hili wanalihitaji kweli. Mwaka 2004, kundi la Itatani, Corkum na Villeneuve huko Ottawa, Kanada, lilitengeneza picha ya obitali (wingu la elektroni) ya nje ya naitrojeni kwa kutumia mwanga ambao molekuli yenyewe iliutoa ilipopigwa na leza. Wasingeweza kama molekuli zisingepangwa kwanza, kwa sababu picha ya vitu vilivyotawanyika ovyo huishia kuwa ukungu.

Tuelewane na maana ya kupanga. Fikiria vijiti vya kiberiti ndani ya kasha: vyote vimelala sambamba, lakini kichwa cha hiki kinaweza kuwa kulia na cha kile kushoto. Huo ndio mpangilio wa mwongozo huu. Kuvigeuza vichwa vyote vielekee upande mmoja ni kazi nyingine, yenye vifaa vyake.

Kinachoishika molekuli

Uga wa umeme wa leza ya nanomita 800 hugeuka kila baada ya femtosekunde 1.33 (femtosekunde 1000 hufanya pikosekunde moja, na pikosekunde 1000 nanosekunde moja). Hakuna molekuli inayoweza kuufuata mgeuko huo. Lakini elektroni huweza: wingu lake huvutwa huku na kule pamoja na uga, na katika molekuli ndefu huvutika kwa wepesi zaidi kwa urefu kuliko kwa upana. Uga ukigeuka, mvuto nao hugeuka, kwa hiyo msokoto unaobaki juu ya molekuli ni wa upande uleule daima: unailaza molekuli ifuate mwelekeo wa mtetemo wa mwanga. Tofauti ya uvutikaji kati ya urefu na upana huandikwa Δα, nayo ndiyo mpini tunaoushika.

Ukiuwasha mwanga polepole, kwa mpigo wa nanosekunde kadhaa, molekuli hupangika mpigo ukiwapo na kutawanyika ukiondoka. Friedrich na Herschbach waliieleza hali hiyo kwa hesabu mwaka 1995. Ukiipiga ghafla, kwa mpigo wa femtosekunde 100, mambo huwa mengine kabisa: molekuli hupokea msukumo, mwanga unaondoka, na mpangilio unakuja baadaye, katika giza, tena na tena. Njia hii ya pili ndiyo tutakayoifuata, kwa sababu ndiyo inayompa mtu uhuru wa kuuchonga mpigo.

Hatua ya 1: Chagua molekuli

Kila molekuli nyoofu ina saa yake. Viwango vyake vya mzunguko vimepangwa kwa utaratibu kiasi kwamba baada ya muda T = 1/(2Bc) mawimbi yote yaliyoanza pamoja hukutana tena. B ni konstanti ya mzunguko, c ni kasi ya mwanga, na mkutano huo tutauita ufufuko. Kwa naitrojeni B ni 1.99 kwa sentimita, hivyo T ni pikosekunde 8.38. Oksijeni ni 11.6. Kaboni dayoksaidi, yenye B ya 0.390, ni 42.7. Iodini, nzito na mvivu, hufika karibu 450.

Ushauri wangu: jifunzie kwa kaboni dayoksaidi, halafu uchonge mipigo kwa naitrojeni. Sababu ya nusu ya kwanza ni Δα. Ya kaboni dayoksaidi ni kama angstromu 2.1 za ujazo, na ya naitrojeni ni 0.7 tu, kwa hiyo ishara ya kwanza utaiona mapema na hutakata tamaa. Gesi yenyewe ni ile ya kutia povu kwenye soda, mtungi wake haupatikani kwa taabu. Sababu ya nusu ya pili utaiona kwenye hatua ya 5.

Jambo moja la kiini cha atomu lisikupite. Katika kaboni dayoksaidi ya kawaida, viwango vya J shufwa tu ndivyo vinavyokaliwa (J ni namba ya kiwango cha mzunguko). Katika oksijeni ni witiri tu. Katika naitrojeni vyote vipo, shufwa mara mbili ya witiri. Kwa hiyo kwenye robo ya T, kaboni dayoksaidi na oksijeni huonyesha ufufuko mkubwa, naitrojeni mdogo, na molekuli isiyo na ulinganifu kama OCS (oksijeni, kaboni na salfa) haionyeshi kitu. Ukijua hilo mapema hutaisumbua leza kwa kosa lisilo lake.

Hatua ya 2: Hesabu kabla ya kuwasha leza

Kalamu na karatasi kwanza. Kina cha shimo la nishati ambamo molekuli hutumbukia ni

U = 2π × I × Δα ÷ c

ambapo I ni ukali wa mwanga. Chukua wati 10¹³ kwa sentimita mraba. Naitrojeni hupata milielektrovolti 9, kaboni dayoksaidi 27. Joto la chumba ni milielektrovolti 26. Namba hizi tatu zinakuambia karibu kila kitu: katika joto la chumba naitrojeni hutikiswa na joto kuliko inavyoshikwa na mwanga, na kaboni dayoksaidi iko sare.

Zidisha U kwa urefu wa mpigo, gawanya kwa ħ (konstanti ya Planck iliyogawanywa kwa 2π), upate nguvu ya kipigo, P. Kwa femtosekunde 100 na ukali ule, P ya kaboni dayoksaidi ni kama 4, ya naitrojeni kama 1.4. P hukadiria ni hatua ngapi za mzunguko ambazo kipigo kimoja kinaiongezea molekuli.

Sasa kompyuta. Laptopu ya kawaida inatosha, na programu ni mistari isiyofika mia mbili ya Python. Anza na kiwango kimoja cha J na M (M huonyesha mhimili wa mzunguko umeelekea wapi), kizidishe kwa kipigo (mwanga huunganisha J na J±2 tu, M haibadiliki), kiache kizunguke chenyewe, kokotoa ⟨cos²θ⟩, yaani ule wastani wa cos²θ, kwa kila wakati, kisha rudia kwa viwango vyote na ujumlishe kwa uzito wa joto. Kwa kaboni dayoksaidi katika joto la chumba, kiwango chenye molekuli nyingi kuliko vyote ni J = 16, hivyo nenda hadi J ya 80 bila wasiwasi. Matokeo yatakuonyesha kilele kidogo mara baada ya mpigo, ukimya, kisha ufufuko kwenye 10.7, 21.4, 32.0 na 42.7. Utaona pia kwamba kati ya ufufuko mmoja na mwingine mstari haurudi kabisa kwenye 1/3. Hilo ni sahihi: molekuli zimeongezewa J huku M ikibaki ileile, kwa hiyo upendeleo fulani wa mwelekeo hudumu.

Chapisha grafu hiyo uibandike ukutani juu ya meza ya leza. Nasema kwa uzoefu. Asiyejua anachokitafuta huamini kila mchomozo anaouona.

Hatua ya 3: Panga meza

Unahitaji leza ya titani-safaya yenye kikuza, nanomita 800, mipigo 1000 kwa sekunde, nishati ya maikrojuli mia kadhaa kwa mpigo. Mashine hizi zimesimama juu ya wazo la Strickland na Mourou la mwaka 1985: nyoosha mpigo, ukuze, ubane tena. Wazo hilo liliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Kabla ya yote, macho. Mwanga wa nanomita 800 hauonekani vizuri, jicho huuona kama wekundu hafifu hata pale unapotosha kuliunguza. Vaa miwani ya kinga iliyoandikwa urefu huo wa wimbi. Vua saa na pete. Usiiname hadi macho yafike usawa wa meza, hata kuokota skrubu.

Gawa mwanga kwa kioo kigawanyi. Sehemu kubwa ndiyo mpigo wa kusukuma. Sehemu ndogo, mpigo wa kupima, ipitishe kwenye fuwele ya BBO iwe nanomita 400. Watu wengi huuacha mpigo wa kupima kwenye 800 kwa kuwa ni rahisi, na mimi nilifanya hivyo. Nilipoteza siku tatu nikishangilia mchomozo ambao ulikuwa mwanga wa kusukuma uliotawanyika ukaingia kwenye kipimio. Ukiwa na rangi mbili, kichujio kimoja cha buluu kinalimaliza tatizo.

Mwanga wenye nusukipenyo cha milimita 1.5, ukipita lenzi ya sentimita 30, hukusanyika hadi nusukipenyo cha maikromita 51. Weka hapo maikrojuli 40 kwa femtosekunde 100 na utapata karibu wati 10¹³ kwa sentimita mraba. Maikrojuli 100 zitakupeleka 2.3 × 10¹³. Usikimbilie 10¹⁴: huko mwanga huanza kung'oa elektroni, plazma (gesi ya elektroni na ioni) inatokea, na kila kipimo kinachafuka. Doa la kupima liwe dogo kuliko la kusukuma, ili upime kiini cha doa tu. Rangi ya buluu hukusaidia hapa, maana kwa lenzi ileile doa lake ni nusu.

Mihimili miwili ikutane kwa pembe ndogo, nyuzi 3 au 4. Mtetemo wa kupima uwe nyuzi 45 kutoka ule wa kusukuma. Baada ya chemba ya gesi weka polaraiza (kichujio kinachopitisha mtetemo wa mwelekeo mmoja tu) iliyofungwa, yaani iliyosimama wima kabisa dhidi ya mtetemo wa kupima, halafu fotodayodi, kipimio cha mwanga. Gesi isiyopangwa haipitishi kitu. Gesi iliyopangwa ina kasi mbili za mwanga, moja kwa urefu wa vijiti na moja kwa upana, kwa hiyo huuzungusha mtetemo kidogo na mwanga unavuja. Uvujaji huo ndio ishara yako. Madirisha ya chemba yawe mbali na doa, kwani kioo nacho huzungusha mtetemo, hasa kikikazwa skrubu kupita kiasi.

Reli ya kuchelewesha: mwanga huenda na kurudi, hivyo milimita 1 ya reli ni pikosekunde 6.67, na maikromita 3 ni femtosekunde 20. Hatua ya maikromita 3 inatosha.

Hatua ya 4: Mpigo mmoja

Tafuta sifuri ya muda kwanza. Toa chemba, weka kipande chembamba cha kioo kwenye doa, shusha nishati hadi kioo kisitoe mwanga mweupe, kisha sogeza reli taratibu. Mipigo ikikutana, elektroni za kioo huitikia papo hapo na mwanga unavuja. Andika namba ya reli. Rudisha chemba.

Jaza kaboni dayoksaidi kwa robo ya angahewa. Katika angahewa nzima migongano huufisha mpangilio ndani ya makumi ya pikosekunde, na ufufuko wa milimita 6.4 kutoka sifuri utakuwa umedhoofika sana. Chopa (gurudumu lenye matundu linalozunguka) ikate mpigo wa kusukuma mara 500 kwa sekunde, ili kila mpigo wa kupima uliosukumwa ulinganishwe na jirani yake ambao haukusukumwa.

Kwa mpango huu ishara hufuata mraba wa (⟨cos²θ⟩ − 1/3), kwa hiyo haitofautishi molekuli zilizolala na zilizosimama. Kutofautisha, weka bamba la robo-wimbi kabla ya polaraiza na ulizungushe kidogo sana hadi mwanga mdogo uvuje daima. Ishara sasa inajumlishwa na uvujaji huo na kupata alama, chanya au hasi. Pima kwa mzunguko wa kulia, pima kwa wa kushoto, toa moja kutoka nyingine. Linganisha na grafu ya ukutani.

Usipoona kitu, usiguse leza. Angalia kama madoa mawili yanagusana kweli (kitundu cha sindano kwenye karatasi ya alumini kinasaidia), kama polaraiza imefungwa sawasawa, na kama reli inasogea upande unaodhani. Ukiona kitu, kithibitishe: zungusha mtetemo wa kusukuma hadi uwe sambamba na wa kupima. Ishara ya kweli lazima ipotee.

Hatua ya 5: Chonga mpigo

Hapa ndipo mwongozo ulipokuwa unaelekea. Mpigo mfupi ni mkusanyiko wa rangi nyingi zilizoanza kwa pamoja. Zitenganishe, zicheleweshe kila moja kwa kiasi chake, ziunganishe tena, na utapata mpigo wa umbo lolote ambalo rangi hizo zinaruhusu. Kifaa ni gretingi (bamba lenye mistari myembamba linalotenganisha rangi), lenzi, skrini ya fuwele-kimiminika, lenzi na gretingi, kila kimoja kikiwa umbali wa fokasi moja kutoka kwa jirani yake. Skrini husimama katikati, mahali ambapo kila rangi imekaa kwenye pikseli yake.

Pima mambo mawili kabla ya kuandika umbo lolote: pikseli ipi inashika urefu gani wa wimbi, na volti ngapi zinaleta fezi (ucheleweshaji wa wimbi) kiasi gani. Asiyefanya hivyo atapata umbo, ila halitakuwa lile aliloliomba.

Sasa sababu ya naitrojeni. Tuseme skrini ina pikseli 640 zilizotandazwa juu ya nanomita 64, yaani 0.1 kwa pikseli. Upana huo wa pikseli hukupa dirisha la muda la pikosekunde 21 hivi, 10.7 kila upande wa katikati. Ufufuko wa kaboni dayoksaidi, 42.7, hauingii kabisa. Wa naitrojeni, 8.38, unaingia, ingawa mpigo uliosogezwa hadi huko hupoteza karibu asilimia 40 ya nguvu zake kwa sababu pikseli ina upana. Kwa kaboni dayoksaidi tumia njia ya zamani: gawa mwanga mara mbili, chelewesha tawi moja kwa vioo, unganisha.

Umbo la kwanza la kuandika ni fezi ya wimbi la saini, φ(ω) = A sin(ωτ), ambapo ω ni masafa ya kila rangi. Hutoa msururu wa mipigo iliyoachana kwa τ. A ikiwa 1.43, mipigo mitatu ya katikati hulingana urefu. A ikiwa 2.40, wa katikati hutoweka. Badilisha τ na utabadilisha mdundo wa msururu mzima kwa namba moja.

Onyo kuhusu mahali pa kuweka kifaa: kabla ya kikuza, skrini hupata mwanga dhaifu na huishi muda mrefu, lakini ukikata rangi kwa nguvu (badala ya kuzichelewesha tu) mpigo ulionyooshwa hupata vichomozi ndani ya kikuza na fuwele yaweza kuungua. Kwa anayeanza: fezi tu, usiguse ukubwa wa rangi.

Hatua ya 6: Mipigo miwili, na maana ya wakati

Jaza naitrojeni. Andika mipigo miwili iliyoachana kwa pikosekunde 8.38. Molekuli zikifika T zimerudi kama zilivyokuwa mara baada ya kipigo cha kwanza, kwa hiyo kipigo cha pili hujumlishwa juu yake: P inakuwa mara mbili, na ishara isiyo na alama (ile inayofuata mraba) inakaribia mara nne. Sasa sogeza mpigo wa pili hadi 4.19, nusu ya T. Pale kila jozi ya viwango jirani imegeuza alama yake. Kipigo kilekile, nishati ileile, kinafuta karibu kila kitu.

Nakusihi ulifanye jaribio hili hata kama haraka yako ni kufika kwenye maumbo magumu. Mtoto kwenye bembea hupaa au husimama kwa mkono uleule, kutegemea unamsukuma lini. Ukishauona mstari wa ishara ukilala chini kwa kusogeza namba moja tu, utajua kwamba kinachodhibitiwa ni mdundo.

Hatua ya 7: Iachie kompyuta itafute

Wazo la Judson na Rabitz, la mwaka 1992, ni kumwacha mtahini awe molekuli yenyewe. Kompyuta huandika maumbo kama 30, hupima ishara ya kila moja, huyabakiza yaliyofaulu, huyachanganya na kuyabadilisha kidogo, na kurudia kizazi baada ya kizazi.

Usiipe pikseli 640 huru. Itazunguka usiku kucha na kukuletea umbo usiloweza kulieleza. Ipe A, τ na fezi ya kuanzia, labda na mnyoosho wa mpigo: namba nne. Kilele cha ufufuko husogea umbo likibadilika, hivyo pima nyakati kadhaa kukizunguka uchukue kubwa. Kila majaribio 20 rudisha mpigo usiochongwa uupime, maana leza hubadilika joto la chumba likibadilika. Pima pia wakati mmoja ambapo hakuna ufufuko, kwa sababu kompyuta haijui ulichokusudia: ikigundua kwamba plazma inaongeza mwanga kwenye fotodayodi, itakutengenezea plazma.

Usishangae ikirudi na mpigo mfupi usiochongwa. Kwa nishati iliyowekwa kikomo, na ukali ukiwa mbali na kung'oa elektroni, mpigo huo ni mgumu kushindwa. Msururu hushinda pale kikomo kinapokuwa ukali wenyewe, kwani hapo kila kipigo hukaa chini ya hatari huku P ikijumlishwa. Cryan, Bucksbaum na Coffee walilionyesha hilo mwaka 2009 kwa naitrojeni ya joto la chumba, wakitumia mipigo nane.

Anayetaka ⟨cos²θ⟩ kubwa zaidi ya hapo hana budi kuipoza gesi: aitoe kwa shinikizo kubwa kupitia nozeli ndogo hadi kwenye ombwe, ishuke kelvini chache. Kundi la Stapelfeldt huko Aarhus, Denmark, limeifikisha njia hiyo mbali sana.

Kabla ya kununua pampu za ombwe, kuna jaribio moja zuri lililobaki kwa meza uliyo nayo, lililofanywa na Fleischer, Averbukh na Prior wa Taasisi ya Weizmann. Changanya naitrojeni ya kawaida na ile yenye atomu za uzito wa 15. Saa ya nzito ni pikosekunde 8.98. Mara 7 za hiyo ni sawa na mara 7 na nusu za 8.38: pikosekunde 62.9. Wakati huo nzito iko kwenye ufufuko kamili na nyepesi iko kwenye nusu. Kipigo kimoja hapo huiongeza moja na kuizima nyingine, ndani ya chemba ileile. Dirisha la skrini halifiki huko, kwa hiyo rudi kwenye matawi mawili ya vioo, sogeza reli ya tawi la pili milimita 9.43 kutoka sifuri, na shusha shinikizo la gesi kabla hujaanza.